Kumpeleka mzee kuvua kwa mshipi Tanga, na namna ya kuyakwepa maji machafu

Wenzangu wa Tanga mliotawanyika huko Dar na Arusha na kwengineko, hili swali nakutana nalo kila likizo ikikaribia: nataka nimtoe mzee tukavue kidogo kama zamani ila naogopa, bahari imechafuka siku hizi, mzee mwenyewe umri umeenda, na hao samaki tutakaowatoa sijui kama wanalika. Mimi na baba yangu tunakwenda tangu alipostaafu, sasa ana miaka 71, hapo mwanzo tumekosea sana na tumejifunza, kwahiyo naandika yote ninayoyajua. Naongelea uvuvi wa mshipi tu, yaani uzi na ndoana, sio wavu, watu watatu wanne kwenye chombo kidogo, mnatoka asubuhi mnarudi kabla ya adhuhuri.

Kitu kimoja nikiseme mapema manake yote yanayofuata yametoka hapo. Usianze kwa kuuliza samaki wako wapi. Anza kwa kuuliza maji machafu yanatoka wapi na yanaelekea wapi siku hiyo, na mtu wa kukujibu hilo swali vizuri kuliko simu yako ni huyo huyo mzee unayetaka kumpeleka.

Hatua ya 1: mwachie mzee ahesabu mwezi

Wazee wa pwani usiwafanyie sapraizi kwenye mambo ya bahari. Nenda msalimie, kaa nae barazani, chai ikishakuja mwambie baba nataka tutoke tukavue, unaona tutoke lini? Halafu nyamaza. Baba yangu nikimuuliza hivo anahesabu kwa vidole tarehe ya mwezi mwandamo, midomo inacheza tu, kisha anasema "Jumanne. Mwezi nane, maji mafu, saa moja tuwe ndani ya chombo." Hana app yoyote na hakosei.

Kwa ambao hamkukulia pwani niwaeleze kidogo. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani kuanzia tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi mwandamo na siku mbili tatu zinazofuata, ndio bamvu, maji yanajaa sana na yanapwa sana. Kuanzia tarehe 8 na 22 hivi ndio maji mafu, yanajaa kidogo yanapwa kidogo. Kwetu huku siku za bamvu maji yanajaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni, na yanapwa kabisa mida ya saa nne asubuhi. Maji mafu ni kinyume chake, saa nne kwenda saa tano asubuhi ndio yamejaa. Na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwahiyo ukijua ya leo unaweza kupiga hesabu ya keshokutwa.

Mimi nashauri maji mafu na sibadilishi. Kwanza ni magoti ya mzee. Vyombo vyetu vidogo unavipanda kwa kuingia majini, sasa ukitoka siku ya bamvu saa nne asubuhi unakuta maji yamekimbia huko mbali, mzee anatembezwa kwenye tope na mawe na vipande vya chupa mpaka akifikie chombo, na kurudi hivo hivo. Siku ya maji mafu mnatoka saa moja maji yanaendelea kujaa, mnarudi saa tano bado yako juu, chombo kinasogea karibu, mzee anashuka maji yako magotini. Pili mkondo hauna nguvu, chubwi dogo tu, kile kizito cha kuzamisha mshipi, linafika chini, mshipi hauvutwi pembeni, mkono wa mzee hauchoki haraka. Tatu ni huu uchafu wenyewe: bamvu linapanda mpaka juu kabisa ufukweni, linazoa kila kilichokwama kwenye mikoko na kwenye mchanga wa juu linakirudisha baharini, siku hizo utaona msururu wa chupa na povu na ndala unatembea na mkondo kama msafara. Wapo wavuvi watakwambia samaki wanakula vizuri zaidi bamvu, siwabishii, ila mimi nina mzee wa kumfikiria.

Hapo hapo barazani muulize na afya, taratibu. Dawa za presha au sukari anakunywa saa ngapi, asitoke bila kula, na kama juzi juzi alikuwa na kizunguzungu basi ahirisheni, bahari haihami.

Hatua ya 2: hesabu siku za mvua

Hii watu wengi hawaizingatii na ndio inayoharibu kila kitu. Mvua kubwa ikinyesha mjini kila kilichokuwa barabarani, kwenye mitaro, kwenye vyoo vilivyojaa na kwenye mashamba kinashuka baharini siku moja. Kwahiyo sheria yetu ni kwamba mvua kubwa ikinyesha tunakaa siku tatu kamili kabla ya kutoka, na kama ni masika, Machi mpaka Mei, mara nyingi hatutoki kabisa kuvua ndani ya ghuba. Bahati nzuri kusi nalo, upepo wa kusini, likishashika kuanzia mida ya mwezi wa tano bahari inakuwa na mawimbi, sio ya kumpeleka mzee kwenye chombo kidogo. Miezi yetu mizuri ni ya kaskazi, upepo wa kaskazini, Disemba mpaka Machi mwanzoni kabla mvua hazijaanza, na ile ya matlai, Oktoba na Novemba, bahari imelala kama mkeka, ila hapo angalia vuli isiwe imekutangulia. Jioni ya kuamkia safari sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa wa upepo na mawimbi pia, na asubuhi mwache mzee asimame ufukweni aangalie mwenyewe. Akisema leo hapana basi ni hapana, hata kama umeshalipia chombo.

Hatua ya 3: mahali

Sasa hapa ndio penye mambo. Ghuba ya Tanga ichukulie kama bakuli. Upande wa kusini kuna mji na bandari, ndani kuna kisiwa cha Toten, na mito miwili inamiminika humo humo, Zigi na Mkulumuzi. Mito hiyo inatoka mbali, imepita kwenye mashamba na makazi, na mitaro ya mji nayo inaingia. Kwahiyo maji yanapopwa bakuli linajimwaga kuelekea bahari kuu na uchafu wote unatoka nao, na maji yanapojaa bahari kuu ndio inayoingia ndani. Baba yangu anasema kwa ufupi tu, maji ya kujaa yametoka kwa Mungu, maji ya kupwa yametoka kwa watu. Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya mwongozo huu: vua maji yanapojaa, na vua nje ya mdomo wa ghuba, sio ndani.

Na mimi sikuwa naamini sana mpaka yalipotukuta. Mwaka juzi mwezi wa nne ilinyesha usiku kucha, asubuhi jua likatoka zuri, tukatoka. Baba alitaka twende pale alipokuwa akivua ujanani, ndani ya ghuba, karibu na mdomo wa mfereji mmoja. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, juu yake kuna kama ngozi nyembamba inang'aa rangi rangi, ukipitisha kasia inakatika halafu inajiunga tena. Niliona na sikusema, nilimwonea haya mzee. Tulipata changu sita na kelea mmoja, wazuri kwa macho, mashavu mekundu kabisa. Nyumbani mama akakuna nazi akabandika mchuzi, sufuria ilipoanza kutokota harufu ya mafuta ya taa ikajaa jikoni mpaka uani. Mama akaonja kwa ncha ya ulimi, akaweka mwiko chini, akaibeba sufuria nzima akaenda kuimwaga. Baba hakusema neno mpaka baada ya isha, akasema "Pale nimevua tangu sijamuoa mama yako." Basi, hakuna aliyeongeza kitu.

Kwahiyo siku hizi tunaangalia alama kabla ya kutia nanga. Rangi ya maji kwanza, yakiwa ya kahawia au ya kijivu tunapita. Ile ngozi inayong'aa juu, tunapita hata kama ni kidogo, manake samaki anashika ladha ya mafuta hata kama yeye mwenyewe anaonekana mzima. Halafu tafuta ule mstari, wazee wanaujua, pale maji ya mto na maji ya bahari yanapokutana kunakuwa na mstari wa povu na majani na takataka, upande mmoja maji meusi upande mwingine ya bluu. Maji ya mto ni mepesi yanakaa juu, kwahiyo usidanganyike kwamba chini ni hivo hivo, ila mwenye busara anatia nanga upande wa bluu na mbali na mstari. Na pua, usisahau pua, maji ya choo yananuka hata baharini ukiwa chini ya upepo wake.

Sehemu tunazopenda sisi ni nje ya Raskazone kuelekea kisiwa cha Yambe, na siku nyingine tunatokea Mwambani huko kusini ambako mji hauko mgongoni kwako. Lakini jua kwamba eneo kubwa la hapa ni hifadhi, Hifadhi ya Bahari ya Silikanti imeanzishwa mwaka 2009 na inaanzia karibu na mdomo wa mto Pangani mpaka kaskazini ya mji wa Tanga, Yambe na Toten zote zimo. Kwahiyo kabla ya kutoka uliza kwa watu wa hifadhi au viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, pale mnapotokea, wapi panaruhusiwa mshipi na wapi hapana, na kama unadaiwa kibali chochote. Silikanti mwenyewe, yule samaki wa kale, hutamwona kwa mshipi wako, anakaa kina kirefu kupita mita mia, waliowatoa huku kuanzia miaka ya 2003 na 2004 walikuwa wanatega jarife, nyavu za papa, huko chini.

Hatua ya 4: chombo na nahodha

Pale Deep Sea na Sahare, wanakotokea wavuvi hapa Tanga, hukosi mtu wa kukupeleka. Usiangalie bei peke yake. Angalia chombo kina leseni, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka hivo, angalia kuna laifujaketi za watu wote na la mzee limuenee, afungwe kabla ya kuondoka sio limewekwa chini ya nanga. Kama ni cha mashine, chungulia ngama, pale chini kabisa ndani ya chombo. Ukikuta maji meusi yanayonuka petroli yamelala chini, huyo nahodha mwambie kwa heshima, "kaka, hayo maji tusiyafue baharini, tuyanyonye kwa matambara hapa hapa kabla hatujatoka." Wengi wanakubali, hakuna aliyewahi kuwaomba tu. Petroli ijazwe ufukweni kwa mrija wake na sio kumiminwa katikati ya mawimbi, tone moja linatanda eneo kubwa kuliko unavyofikiria.

Na umuulize kuhusu uvuvi wa baruti. Ndio, imepungua sana kulinganisha na zamani, tuliokulia huku tunakumbuka milipuko ilivyokuwa inasikika mpaka mjini, lakini muulize akusaidie kuwa mbali na miamba iliyokufa kwa ajili hiyo, tumbawe likishasambaratishwa linabaki kifusi na samaki hawarudi leo wala kesho. Nahodha mzuri atakuonyesha mwenyewe. Mkisikia mlipuko mko majini, ondokeni upande huo na mtoe taarifa mkifika.

Hatua ya 5: vitu vya kubeba

Sitaorodhesha kila kitu, mzee wako anajua. Mshipi wa nailoni umezungushiwa kwenye kibao, ndoana za saizi mbili za akiba, kisu, ndoo, barafu, kipande cha mpira wa baiskeli cha kuvaa kidoleni ili nailoni isikate. Chambo sisi tunatumia ngisi aliyekatwa vipande virefu manake hatoki kirahisi kwenye ndoana, vibua pia sawa. Ukinunua vibua vya chambo bonyeza mgongo, wakiwa laini kama uji na damu imevilia ndani na uti umevunjika hao wametoka kwenye baruti, usinunue, ukinunua umemlipa mtu arudie.

Chubwi. Wengi wanatumia madini ya risasi na risasi ni sumu, watu wanaipinda kwa meno halafu na mkono huo huo wanamega chapati. Sisi tumeacha, tunatumia nati kuukuu za chuma kutoka gereji, ikikatika ikabaki chini inaoza kwa kutu. Kama bado una risasi, nawa mikono kabla ya kula.

Maji ya kunywa kwenye dumu moja na kikombe, sio katoni ya chupa. Chakula kwenye kontena au kwenye kikapu, tende, viazi, chapati, chai kwenye chupa ya chai. Usiingie na kitu chepesi cha plastiki ambacho upepo unaweza kukipokonya, hii nimeisema kwa watoto wangu mpaka wameshika. Mzee awe na kofia, shati la mikono mirefu, viatu vya kuingilia majini, dawa zake kwenye mfuko usiopitisha maji. Na beba viroba viwili vitupu. Nitaeleza vya nini.

Mkiwa mnaingia majini mburute miguu msinyanyue, kama kuna taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, amelala mchangani atasogea mwenyewe. Akimchoma mtu, tia mguu kwenye maji ya moto kiasi anachovumilia, maumivu yanapungua, halafu hospitali.

Hatua ya 6: mkiwa majini

Hapa mzee ndio nahodha wa kweli hata kama chombo sio chake. Usimuelekeze. Mimi huwa nakaa nyuma yake kidogo niweze kumshika begani wimbi likija, basi. Anatupa bismillahi, anatupa mshipi, anaushika kati ya kidole gumba na cha shahada anafumba macho nusu. Ukimuuliza anakwambia huyu ananyonya tu, huyu bado, huyu mdogo, subiri, sasa. Mimi mpaka leo sijafika hapo. Mjulishe mwanao, kama umekuja nae, akae karibu na babu yake kuliko kukaa karibu na wewe.

Samaki mdogo mrudishe, lowesha mkono kwanza maji ya bahari ndio umshike, mkono mkavu unamtoa ule utelezi wake. Bunju, yule anayejijaza kama mpira, mrudishe na usimpeleke nyumbani hata kwa paka, sumu yake haiondoki kwa kupika. Anayebaki ndani ya ndoo aingie kwenye barafu hapo hapo. Vibua, jodari na nguru hawataki jua kabisa, wakikaa joto saa chache wanatengeneza kitu kinachowasha mwili na kuvimbisha uso ukila, na hata ukikaanga hakitoki.

Hatua ya 7: nailoni na viroba

Mshipi ukinasa kwenye mwamba usiuvute kwa hasira. Mwambie nahodha azunguke aende upande wa pili, ulegeze, uvute kwa kule ulikotokea, mara nyingi unaachia. Ukishindikana ukaze mpaka mwisho ukate chini kabisa unapoweza ili kibaki kipande kifupi.

Kwanini nasisitiza? Siku moja baba alihisi kitu kizito kisichopigana, akavuta taratibu, kikaja juu donge la nailoni kubwa kama kichwa cha mtoto, mishipi ya watu wengi wengi, ya rangi tofauti, imefungana na kipande cha wavu na mwani umeota juu yake. Katikati kulikuwa na kaa mdogo yuko hai, mguu mmoja umekatika, na mifupa ya samaki wawili, na mwingine kelea ambaye macho bado yalikuwa maangavu, ameingia jana au juzi. Baba alichukua kisu akakaa nalo lile donge mapajani, hakuvua tena asubuhi ile, akalikata uzi mmoja mmoja mpaka kaa akatoka. Ilimchukua kama nusu saa. Nailoni inakaa baharini mamia ya miaka na siku zote hizo inavua bila mvuvi.

Kwahiyo viroba: kimoja cha nailoni na nyavu na ndoana, kimoja cha chupa na mengineyo. Nailoni iliyoharibika tunaikata vipande vifupi vifupi kama urefu wa kidole tunatia kwenye chupa yenye kifuniko, ili hata ikienda jalalani isinase ndege au mbuzi. Mkiwa njiani kurudi, okoteni kinachoelea ambacho mnaweza kukifikia bila mtu kuinama vibaya, mzee asiiname kabisa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 kwa macho yangu mimi ile ya Rambo imepungua kweli, zamani ilikuwa inazunguka kwenye mapanga ya mashine mnazimika katikati, siku hizi ni chupa, pampasi, na vipande vya nyavu. Chupa safi wapo wanaonunua kwa kilo, wapeni wanaookota. Usichome ufukweni, moshi wake ni sumu na kinachobaki kinazolewa na bamvu.

Hatua ya 8: kabla ya kupika

Mkifika nyumbani msikimbilie sufuria. Nusa mashavu ya kila samaki, yanuke bahari tu. Ikiwa kuna harufu ya mafuta, ya dawa au ya mtaro, tupa, usijaribu kufunika kwa ndimu na tangawizi. Angalia vidonda, mapezi yaliyoliwa, uvimbe. Toa utumbo wote na maini, hapo ndipo vingi vinajikusanya pamoja na vipande vidogo vya plastiki anavyomeza, usimwachie mtoto kuchezea.

Watu wananiuliza kuhusu zebaki na madini mazito. Ninachojua ni kwamba hayatoki kwa kupika, na yanakuwa mengi kwa samaki wakubwa wanaokula samaki wenzao, papa, nduaro, jodari wakubwa. Changu na tasi na vibua wa mshipi wetu ni wa chini zaidi kwenye mlolongo huo. Kwahiyo mama mjamzito na watoto wadogo wape hao wadogo, papa wasile mara kwa mara. Na chaza na kome za kuokota karibu na mitaro msile kabisa hasa baada ya mvua, hao wanachuja maji siku nzima na kila kilichomo kinabaki ndani yao, hata kama mama yako alikuwa anawaokota hapo hapo zamani. Hili la mwisho ni gumu kumwambia mzazi, najua. Mimi sikumwambia mama, nilimpeleka asubuhi moja baada ya mvua tukasimama juu ya mfereji tukaangalia pamoja kinachotoka. Hajarudi tena kuokota pale.

Hatua ya 9: mkiona uchafu, andikeni

Kulalamika barazani hakumfikii mtu. Mkikuta mafuta, maji ya rangi ya ajabu, samaki waliokufa wengi pamoja au mtu anamwaga taka, piga picha na simu, halafu andika vitu hivi: tarehe, saa, mahali kwa jina wanaloliita wavuvi, rangi, harufu, upepo unatoka wapi, na kubwa kuliko yote maji yalikuwa yanajaa au yanapwa. Hapo ndipo mzee anapokuwa shahidi ambaye huwezi kumpata kwengine. Sisi mara moja tulikuta doa la mafuta nje ya ghuba, mimi nikadhani limemwagwa na meli huko nje, baba akasema hapana mwanangu, maji yamepwa tangu alfajiri, hili limetoka ndani, nenda kaangalie kwenye mdomo wa mfereji wa tatu. Nikaenda kwa miguu jioni, nikakuta ukingo mzima mweusi.

Peleka kwa BMU kwanza, manake wako pale pale na wanajua chombo cha nani ni kipi, kisha kwa mtendaji wa mtaa na afisa mazingira wa halmashauri, na kama ni kubwa peleka NEMC, wale wa mazingira wa taifa. Omba nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukiona mtu anajenga au anamwaga ukingoni kabisa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, itaje kwenye barua yako. Taarifa yetu ile ya mfereji ilichukua miezi, tulikwenda ofisini mara nne, mara mbili baba alivaa kanzu na koti akaja mwenyewe, na mara ya nne walikuja watu wawili wakachukua maji kwenye chupa. Majibu bado tunafuatilia.

Siku hizi baba ana daftari la shule la mistari, kila tukirudi anaandika tarehe ya mwezi mwandamo, tulikotia nanga, rangi ya maji, samaki wangapi, viroba vingapi. Safari ya mwisho ameandika: mwezi tisa, nje ya Yambe, maji bluu, changu kumi na moja, kiroba kimoja na nusu. Chini yake ameshaweka tarehe ya safari ijayo, mwezi ishirini na tatu, na jina la mjukuu wake.